Bernard Herrmann na nyuzi za Psycho

Mabibi na mabwana, leo tubaki na mtunzi mmoja wa muziki wa filamu, Bernard Herrmann, na hasa filamu moja, Psycho ya mwaka 1960, ya mwongozaji Alfred Hitchcock.

Anayemsikiliza Herrmann akitafuta wimbo wa kupigia mluzi atatoka mikono mitupu. Yeye hushika kipande kifupi, mara nyingi cha noti chache tu, akakirudiarudia huku akibadilisha ala. Kwake ala ndiyo utunzi. Ndiyo maana alipanga okestra mwenyewe, yaani kuamua ala ipi ipige nini, ilhali Hollywood kazi hiyo kwa kawaida waliachiwa watu wengine.

Katika Psycho aliondoa ala za kupuliza na ngoma, akabakiza nyuzi peke yake, yaani fidla na ndugu zake wakubwa, kama cello na besi. Kisha akaagiza zipigwe zikiwa na kibano, kile kidude kinachowekwa kwenye daraja la fidla, kile kibao kinachoinua nyuzi, ili kupunguza mtetemo. Mlio unakuwa mkavu, kama wa mtu aliyezibwa mdomo. Hata mwanzoni, majina yanapopita na nyuzi zinakwenda mbio, vibano vimo.

Katika tukio la mauaji bafuni vinatolewa. Hitchcock alitaka tukio lile lisiwe na muziki. Herrmann akautunga hata hivyo, na mwongozaji alipousikia akageuza uamuzi. Sikilizeni kwa makini: fidla zinaanza juu kabisa, kundi jingine linaingia na noti inayogongana na ile ya kwanza, na hivyo hivyo makundi yanaongezeka kuelekea chini. Baadaye kila pigo linatanguliwa na kidole kinachoteleza juu ya uzi, na hapo ndipo unapopata ule ukelele. Muuaji akishaondoka, zinabaki cello na besi, nzito, za polepole. Kwa spika ya simu sehemu hiyo hupotea karibu yote, kwa hiyo tafuteni vipokea sauti vyenye besi.

Waigaji wamechukua ukelele wakaacha vibano. Ukipiga nyuzi bila kibano tangu dakika ya kwanza, huna tena cha kufungulia, na tukio linakuwa kelele tu.

Mwaka 1966, kwa filamu yake Torn Curtain, Hitchcock alitaka muziki wa kisasa unaouzika. Herrmann akamletea filimbi 12, honi 16 na tromboni 9, bila fidla hata moja. Hitchcock akaukataa muziki huo, na hawakufanya kazi pamoja tena.