Mpira Wenye Magaga: Kabla ya Kurimapu Dizeli ya Kilomita 290,000

HAMISI: Karibuni tena. Orodha ninayo mimi leo, hatua tano za kurimapu dizeli iliyotembea sana, yaani kuandika upya programu ya kompyuta ya injini ili nguvu iongezeke. Ila Mwanaidi ameingia studio na kipande cha mpira mkononi, kwa hiyo sijui tutaanza na nini.

MWANAIDI: Tunaanza na mpira, kaka. Jumanne imeletwa gari ya lita mbili, kilomita 290,000. Mwenyewe anataka rimapu kwa sababu haivuti mlimani. Taa ya injini haijawaka. Nikaenda nayo barabarani huku narekodi: gia ya tatu, pedali ya mafuta chini kabisa, kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 3,800. Kompyuta inaomba presha ya hewa ya milibari 2,250, turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inaleta 1,780.

HAMISI: Wasikilizaji, toeni hapo hewa ya kawaida, kama 1,000. Upepo wenyewe wa turbo ni 780 badala ya 1,250. Zaidi ya theluthi haipo!

MWANAIDI: Na sababu ni hii. Mpira wa vakyumu, upana wake wa ndani milimita tatu na nusu, nje umevikwa kitambaa. Ukiutazama mzima kabisa. Sasa ukunje hapa mwishoni.

HAMISI: Aa! Una magaga.

MWANAIDI: Magaga hasa, kama kisigino. Turbo hii mapanga yake ya ndani hufungwa na mkono unaovutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa iliyonyonywa na pampu. Vakyumu ikivuja, mkono haufiki mwisho, mapanga yanabaki wazi, upepo haupandi. Hewa ikipungua kompyuta nayo inapunguza mafuta. Gari inakuwa nzito bila kulalamika.

HAMISI: Na mtu akiirimapu hivyo hivyo?

MWANAIDI: Faili, yaani hiyo programu mpya, linaomba upepo zaidi, haupo. Kama aliyeliandika amelegeza kikomo cha moshi, kile kinachozuia mafuta yasizidi hewa, dizeli inaingia bila hewa ya kuiunguza. Moshi mweusi, joto la eksozi linapanda, chujio la masizi linajaa upesi. Halafu lawama inaangukia faili.

HAMISI: Hapo basi hatua ya kwanza kwenye orodha, nozeli. Unafungua mipira ya marejeo, ile inayorudisha dizeli iliyobaki, kila nozeli unaiwekea chupa yake, injini inaunguruma taratibu dakika chache. Chupa moja ikijaa mbali zaidi ya wenzake, nozeli hiyo imelika ndani na inapoteza presha. Unahakikisha pia...

MWANAIDI: Ngoja, mpira sijaumaliza. Watu wananunua silikoni kwa sababu ya rangi. Silikoni nyembamba inanywea vakyumu ikivuta, na haipatani na oili. Pampu ya vakyumu inazungushwa na injini, ukungu wa oili unapita humo kila siku. Tafuta mpira mnene wa vakyumu unaovumilia oili.

HAMISI: Ncha ikiwa na magaga na urefu unatosha, mimi nakata sentimita mbili narudisha.

MWANAIDI: Kata, lakini kwa muda tu. Magaga yakifika nchani, katikati nako kumekauka. Badilisha yote, kuanzia pampu hadi vali ya umeme, na kuanzia vali hadi turbo. Kisha chomeka pampu ndogo ya kuvuta kwa mkono pale mpira unapoingia kwenye turbo, vuta hadi kama bar 0.6, subiri. Mshale usishuke. Na mkono wa turbo utembee laini. Ukikwama halafu ukaruka, mapanga yana masizi, na hilo mpira hauliponyi.

HAMISI: Hiyo ya kuruka ni muhimu. Mapanga yakikwama upande wa kufungwa, upepo unazidi na gari inajikata nguvu ghafla.

MWANAIDI: Ndiyo. Basi, tumebadilisha mipira, nikarekodi tena: 2,240. Mwenyewe ameendesha akauliza tumeshaweka faili? Gari imerudi tu ilivyotoka kiwandani!

HAMISI: Lakini bado anataka rimapu, na mimi namwona ana haki. Injini hii kiwandani nguvu yake ya kuzungusha, yaani torki, ni Nm 320. Faili la kawaida lingeipeleka 400. Mimi ningeishia 350, na chini ya mizunguko 2,000 nisiongeze kitu, maana hapo ndipo klachi inapoumia.

MWANAIDI: Abadilishe klachi na flaiwili kwanza, lile gurudumu zito ambalo klachi inaligandamia. Au faili la kiwandani libaki.

HAMISI: Klachi umeipima?

MWANAIDI: Gia ya tano, mizunguko 1,500, pedali chini kabisa. Mshale wa mizunguko haukuruka, umepanda pamoja na spidi.

HAMISI: Basi haitelezi.

MWANAIDI: Haitelezi kwa 320. Kuhusu 350 kipimo hicho hakijasema neno.

HAMISI: Klachi haitengenezwi iishie 320 kamili, ina akiba.

MWANAIDI: Akiba ya klachi mpya.

HAMISI: Hapana, dada. Springi ya diaframu, ile inayoikandamiza klachi, hailegei kila kitambaa cha klachi kinapolika. Katikati ya maisha yake hukaza zaidi kuliko ikiwa mpya.

MWANAIDI: Na mwishoni inashuka. Kilomita 290,000 ndiyo katikati? Tena hujaigusa flaiwili. Ile ina vipande viwili na springi ndani, na grisi yake ni ya tangu kiwandani. Ukizima injini inagonga.

HAMISI: Inagonga kidogo. Kugonga kidogo si kuvunjika.

MWANAIDI: Ikivunjika inapasua nyumba ya gia.

HAMISI: Kwa Nm 30 zaidi, juu ya mizunguko 2,000? Siafiki.

MWANAIDI: Nami siafiki kumkabidhi mtu faili halafu anirudie juu ya gari la kuvuta.

HAMISI: Basi tumegota. Na zimebaki dakika mbili. Kuhifadhi faili la awali, kurekodi baada ya rimapu, oili, vyote havijaguswa.

MWANAIDI: Niseme la betri tu. Unapoandika faili, weka chaja ya kutegemeza, volti zikae 13 na zaidi kidogo bila kuyumba. Ufunguo ukiwa umewashwa feni ya rejeta inaweza kuanza yenyewe. Betri ikichoka katikati, kompyuta inabaki imeandikwa nusu na gari haiwaki.

HAMISI: Na chupa zangu za nozeli?

MWANAIDI: Wiki ijayo unaanza nazo. Nirudishie mpira wangu, nimeweka alama ya urefu wa kukata.