Anzeni na Gurudumu la Mbele: Mhadhara kwa Mafundi Vijana, Chake Chake

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya kuingia nimepita pale nje nikaziona baskeli zenu. Tatu zimelazwa kwenye majani, mbili zimeegemezwa mwembeni, zilizobaki zimeegemezana, akitoa mmoja yake zinakwenda chini zote. Na humu ndani wamo mafundi wa kuchomelea, wamo wanafunzi wa ufundi, yumo na mzee wetu aliyekuwa akinyoosha ringi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Basi kazi tunayo.

Mmeitwa kubuni kifaa cha kusimamishia baskeli, na najua wengi mmekuja na mchoro wa stendi mfukoni. Nakuombeni muuache huko huko kwanza. Kazi hii haianzi na stendi, inaanza na gurudumu la mbele. Hili nimelisema kila nilipopewa nafasi ya kusema, na leo nalisema tena, kwa sababu kila nikiingia karakana nakuta kijana kachomelea mguu wa nondo mnene kuliko ule wa mwaka jana, na baskeli inaanguka vile vile.

Kuna muuza madafu mmoja hapa mjini, simtaji. Asubuhi anakuja na baskeli yake ya Phoenix, makole ya madafu kayaning'iniza huku na huku kwenye keria, mengine mbele kwenye usukani. Anasimama penye mteremko, kwa sababu wateja wako hapo na mji wenyewe ndio ulivyo. Muangalieni anavyoegesha. Kwanza anachukua kipande cha tyubu kilichofungwa kwenye usukani, anakivuta, anakizungusha kwenye mkono wa breki mpaka breki ya mbele inakaza. Halafu anachomoa gongo lenye panda, analitia chini ya keria upande wa kushoto, anaisogeza baskeli kidogo mpaka imelilalia gongo, ndipo anaachia mikono. Hana stendi. Aliyokuja nayo kutoka dukani aliifungua zamani, akaitupa.

Sasa tazameni anavyouza. Mteja wa kwanza anapewa dafu la upande wa kulia, upande usio na gongo. Wa pili, la kulia. Akishatoa kadhaa ndipo anageukia kushoto. Hakuna aliyemfundisha. Anajua kwamba baskeli imelala kushoto, na akianza kupunguza kushoto, uzito utahamia kulia ambako hakuna kinachouzuia.

Siku moja akaja mtu na gari, akateremka, akataka kujichagulia. Akaenda moja kwa moja upande wa gongo, akavuta kole zima. Mimi nilikuwa karibu na macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu la mbele. Baskeli ilikuwa bado haijainama, gurudumu likageuka. Tyubu ililizuia lisibingirike, lakini haikulizuia kugeuka. Usukani ukalala kulia, yale madafu ya mbele yakauvuta zaidi, na hapo ndipo mwili mzima ukafuata. Gongo likabaki limesimama peke yake kama mnara, halafu nalo likaanguka. Madafu yakabingirika mpaka mtaroni, mawili yakapasuka, mkono wa breki ukapinda. Mteja akalipa lake moja, akapanda gari yake.

Ndani ya tukio lile yamo yote tunayoyatafuta leo, na ndiyo maana silichoki kulihadithia.

Kwa nini gurudumu liligeuka? Jaribuni wenyewe mkitoka hapa. Shikeni baskeli wima, mgeuze usukani polepole huku mnaiangalia shingo ya fremu. Inashuka kidogo. Ndivyo foku, ule uma unaolishika gurudumu la mbele, ilivyowekwa, imelala kuelekea mbele. Sasa kila mzigo unataka kushuka, na ukiuning'iniza mbele, njia yake ya kushuka ni kuligeuza gurudumu. Likishageuka, mahali linapogusa ardhi panahama, na ile pembetatu iliyokuwa imeishika baskeli, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma na ncha ya mguu, haiko tena kama ulivyoiacha. Mguu wako ungekuwa wa chuma cha reli usingesaidia kitu.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni ukanda. Mpira wa tyubu, upana wa vidole viwili, unapita katikati ya spoku, unaizunguka ringi ya mbele na bomba la chini la fremu, unarudi na kunasa kwenye kulabu. Ukanda mmoja unafanya kazi mbili: gurudumu halibingiriki, na haligeuki. Mpira uwe na ncha ndefu nyekundu inayofika mpaka usukanini, ili mtu akishika usukani aikute mkononi kabla hajaanza kusukuma. Tyubu mbovu ziko kwa kila fundi baskeli, Wete, Konde, Mkoani. Hamna haja ya kusubiri mfadhili.

Kuna ndugu anatikisa kichwa kule nyuma. Najua swali lake, kwa sababu huulizwa kila mara: kwa nini tusiegemeze ukutani? Ukuta wa nani? Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, usukani ukiugusa ukuta huu, kinachobaki kwa wapita njia ni kujibana ubavu, na pedeli inakwangua chokaa ya mtu. Huko pwani, Paje na Jambiani, mama anayetoa polo la mwani mbichi ufukweni ana ukuta gani? Ana mnazi, nao ni wa mviringo, usukani unateleza. Mwengine husema tuilaze chini yaishe. Laza wewe baskeli yenye trei za mayai. Laza mnyororo wenye grisi kwenye mchanga wa bahari, halafu uhesabu utadumu muda gani.

Na wapo wanaosema, kwani wenzetu wenye viwanda hawakuliona hili? Wameliona kwa baskeli zao. Mfaransa Albert Berruyer alibuni mguu wa baskeli mwaka 1869, na mguu wake ulikuwa mrefu, ukifungwa chini ya usukani. Alianza mbele! Miguu mifupi na miepesi ikaja baadaye, kama ule aliobuni Eldon Henderson mwaka 1926, na ndiyo ukoo wa hizi mnazoziona madukani. Zinafaa kwa baskeli tupu kwenye sakafu ngumu. Hakuna aliyekaa akafikiria polo la karafuu mbichi linaloteremshwa kutoka shamba baada ya mvua. Hilo ni lenu kufikiri, na msiniambie kwamba mnangoja mtu wa nje aje akufikirieni.

Nakuja kwenye miguu sasa. Nitakwenda haraka.

Stendi zipo za namna mbili. Ya mguu mmoja inailaza baskeli upande, nayo ina ila ile ile ya gongo: mzigo ukipungua upande wake, kazi imekwisha. Ya miguu miwili inaliinua gurudumu la nyuma, na hiyo mtu mwenye mzigo wenye uzito wa mtu mzima mgongoni mwa baskeli hawezi kuivuta bila ya kuumia kiuno. Nimewaona wazee wakiita wapita njia wawasaidie kuegesha. Kifaa kinachohitaji watu wawili hakimfai mtu anayefanya kazi peke yake.

Juu ya hapo zote zinashika chini, na mzigo uko juu. Hesabu yake ni nyepesi. Kitovu cha uzito kikiwa mita 1 kutoka ardhini, baskeli ikiinama nyuzi 10, kitovu kinahama pembeni kiasi cha sentimita 17. Kikiwa nusu mita, kinahama chini ya sentimita 9. Stendi ya dukani inatoka nje kiasi gani? Pimeni hizo za nje. Gongo la muuza madafu lina akili kuliko stendi hizo kwa sababu linashika juu, kwenye keria, na linakanyaga mbali.

Basi tengenezeni magongo mawili, moja kila upande, yanayoning'inia kwenye keria kwa bawaba na kufungwa juu wakati wa safari. Kila moja ni bomba ndani ya bomba. La ndani linashuka lenyewe kwa uzito wake mpaka likute ardhi, popote ilipo, kwa sababu kwetu kulia na kushoto hakulingani. Likishagusa lisirudi juu. Hapa ndipo vijana hunitobolea matundu na pini. Msifanye hivyo! Tundu huingia mchanga, pini hupotea, na ardhi haikuahidini kwamba itakuwa sawa na tundu lenu.

Tumieni sahani inayong'ata. Kipande cha chuma bapa chenye tundu lililo kubwa kidogo tu kuliko bomba la ndani, na springi ndogo inayokiweka kimeinama. Bomba likitaka kurudi juu, kingo za tundu zinalikaba, na kila uzito ukizidi na kukaba kunazidi. Ukitaka kuliachia, unaisukuma baskeli kidogo upande wa pili ili uzito uondoke, unaibonyeza sahani kwa dole gumba mpaka inyooke, bomba linapanda. Mafundi wa aluminiamu wanakijua kitu hiki, ndicho kilichomo kwenye bunduki yao ya silikoni. Fungueni moja mbovu mkaitazame. Sahani iwe ya chuma kigumu, na kingo za tundu ziachwe kali, msizipige tupa.

Nyayo. Mguu ukibeba kilo 20 juu ya ncha ya sentimita 2 kwa 3, kila sentimita ya mraba inachukua zaidi ya kilo 3, na mchanga wa Jambiani hauwezi hilo. Wekeni kibao cha sentimita 10 kwa 10 na itabaki gramu 200 tu. Kibao kiwe na kiungo kinachocheza ili kilale sawa na ardhi.

Kutu. Bahari tunayo pande zote, kwa hiyo bomba la maji lenye zinki ni bora kuliko chuma kitupu. Lakini sikilizeni mnaochomelea: pigeni tupa zinki yote mahali pa kuunga kabla ya kuwasha moto, na fanyeni kazi nje penye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa na kifua. Msimuamini anayekuambieni kunywa maziwa kunatosha.

Kusajili. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya mali ya viwanda, ile inayolinda uvumbuzi, ya mwaka 2008, na usajili wake uko BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara na mali, si BRELA ya Bara. Ulizeni kabla hamjakitembeza kifaa mitaani na kukipiga picha, kwa sababu haki ya mvumbuzi inataka kitu kiwe kipya, na ukishakionesha kwa watu unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe. Hilo lingehitaji siku yake.

Bei nilitaka kuisema, na namna ya kuwapa wenye mizigo wakijaribu wao kwanza, lakini naonyeshwa saa, na adhana ya alasiri haiko mbali. Nibakishe moja tu, la majaribio. Mtu asiniletee kifaa alichokijaribu kwa baskeli tupu kwenye saruji ya karakana. Jazeni mapolo mawili mchanga, yafungeni kila upande, yatundikeni na mengine usukanini. Isimamisheni baskeli kwenye mteremko, pua ikitazama chini, halafu ikitazama juu. Ipelekeni ufukweni wakati kusi inavuma. Kisha anzeni kupunguza mchanga upande mmoja tu, kwa kata ya kuchotea maji, kata baada ya kata, na mmoja wenu asiondoe macho kwenye gurudumu la mbele. Likicheza, andikeni ni kata ya ngapi.

Baada ya sala, wenye futi ya kupimia tukutane pale mwembeni. Tuanze kupima upana wa keria zenu, kwa sababu Phoenix na zile za Kihindi hazilingani, na bawaba lazima izikubali zote.