Kichanja cha Pasheni Mbele ya Kusi

Assalamu alaykum, mabibi na mabwana.

Kichanja cha pasheni, yaani mstari wa nguzo na waya wa kutambalia, hapa Malindi adui wake si uzito wa matunda, ni upepo. Majani yakishafunga, mstari mzima ni tanga. Kwa hiyo elekezeni mstari kule upepo wa kusi unakotoka, kusini mashariki, uugonge kichwani, si ubavuni.

Nguzo iwe ya mita 2.6. Kwenye udongo mwekundu shimo la sentimita 60 latosha. Kwenye mchanga wetu chimbeni 75. Msirudishe mchanga mtupu. Tieni vipande vya mawe ya matumbawe, mshindilie kwa mtaimbo kila sentimita 15. Kutoka nguzo hadi nguzo, mita 5 au 6.

Nguzo mbili za mwisho ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya, basi ziwe nene, za boriti, na kila moja ipewe gadi, mti wa kuiegemeza kwa mshazari, upande wa ndani ya mstari, kama chombo kilichopandishwa pwani. Chini ya gadi wekeni jiwe bapa. Bila jiwe, mguu wa gadi huzama, nguzo huinama ndani, waya hulegea, na shina changa hukatika.

Waya ni wa geji 14 uliopakwa zinki. Ule mweusi wa kufungia vyuma haufai, hewa ya bahari huula upesi. Ukazeni kwenye nguzo za mwisho tu. Nguzo za kati zishike kwa misumari ya U isiyogongwa hadi mwisho, waya upate kupita. Mkiubana hapo, hamtaweza kuukaza tena.

Tazameni sasa ule uzi wa pasheni unaojikunja kama springi. Unashika kitu chembamba, unene wa penseli. Kwenye boriti unateleza. Ndiyo maana kila mche huteremshiwa kamba ya katani kutoka kwenye waya. Acheni chipukizi moja tu lipande, ya pembeni yakateni. Likifika juu, likateni ncha, matawi mawili yaende kulia na kushoto. Yatakayoning'inia yakomee shubiri moja juu ya ardhi. Na chagueni pasheni ya manjano, ya zambarau ni ya nyanda za juu.

Asumini na boganvilia hazina uzi huo, zifungwe kwa mkono, na fito zikae sentimita 10 mbali na ukuta ili chokaa ipumue.

Kila mwezi Machi, sukumeni nguzo za mwisho kwa bega. Inayocheza, ifukueni, mjaze mawe upya kabla kusi halijaanza.