Chama Kilichozaliwa Kabla ya Jimbo: Wamalayali Ughaibuni

Asante, mwenyekiti, na asanteni nyote mliofika. Nimeombwa nizungumzie vyama vya wahamiaji. Nimewachagua Wamalayali, watu wa Kerala, kusini-magharibi mwa India, kwa sababu kwa kuunda vyama sijaona wa kushindana nao. Jimbo la Kerala liliundwa tarehe 1 Novemba 1956. Chama chao cha Manama, mji mkuu wa Bahrain, kiitwacho Bahrain Keraleeya Samajam, kilianza 1947. Watu walikuwa Wakerala ughaibuni kabla serikali haijawachorea mpaka nyumbani.

Chama kinawakusanya akina nani? Kwa sensa ya 2011, katika kila Wakerala mia, kama 55 ni Wahindu, 27 Waislamu na 18 Wakristo. Ukiwaitia kanisani umepata sehemu tu, na hao nao wana madhehebu yao. Ndiyo maana sikukuu ya chama ni Onam. Ndiyo, kisa chake ni cha Kihindu, cha mfalme Mahabali anayerudi kila mwaka kuwajulia hali raia wake, lakini ni sikukuu ya mavuno na dini zote tatu zinaiona yao. Huangukia Agosti au Septemba. Ughaibuni huangukia Jumamosi ambayo ukumbi umepatikana, hata kama ni Oktoba.

Sasa chakula, mnisamehe kama mna njaa. Jani la mgomba hutandikwa mezani, ncha nyembamba ikielekea kushoto kwa mlaji. Chumvi, achari na chipsi za ndizi hutangulia, kisha avial, yaani mboga mchanganyiko kwa nazi na mtindi, kisha wali na sambar, yaani mchuzi wa dengu na mboga, na mwishowe payasam, uji mtamu wa maziwa, au wa tui la nazi na sukari guru. Nyama hakuna. Ukishiba unalikunja jani kuelekea kwako. Kijana aliyezaliwa Houston hakalishwi kufundishwa utamaduni hapo: anakabidhiwa ndoo ya sambar na upawa, anaambiwa aanze na mstari ule, na asimruke mzee yeyote. Mimi naona hilo linamfunza kuliko hotuba zote za jukwaani, na hotuba huwa nyingi, jamani.

Hotuba hizo zina historia yake. Marekani ilibadili sheria ya uhamiaji mwaka 1965, hospitali zake zilikuwa na upungufu wa wauguzi, na Kerala ilikuwa imeshasomesha mabinti wengi kazi hiyo, hasa wa familia za Kikristo. Mke akatangulia na leseni yake, mume akafuata na watoto. Waume wengi hawakupata kazi za hadhi waliyoizoea. Mtu aliyekuwa karani wa kuheshimika kule Kottayam, mji wa Kerala, sasa anamsubiri mkewe atoke zamu ya usiku ili watoto wapelekwe shule. Heshima ataipata wapi? Kwenye chama: uenyekiti, ukatibu, uweka hazina, picha jukwaani na shada shingoni.

Sisemi kwa kejeli. Mtu anahitaji mahali pa kuwa mtu. Lakini vyeo vikiwa ndiyo riziki ya roho, uchaguzi unakuwa vita. Shirikisho la vyama vya Kerala Amerika Kaskazini, FOKANA, liliundwa 1983. Baada ya mgogoro wa 2006 likazaliwa la pili, FOMAA. Mpaka leo yapo mawili, kila moja na mikutano yake mikuu. Na ada inayoviendesha vyama hivyo, kwa familia nyingi za kizazi kile, ilitoka kwenye mshahara wa muuguzi ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya wagombea.

Hayo ni ya Marekani, ambako mhamiaji hupata uraia na watoto hubaki. Nchi za Ghuba, kama Bahrain, ni habari nyingine: kibali kinafuata kazi, kazi ikiisha mtu anarudi kwao, na wengi wameiacha familia Kerala. Chama cha huko kinamlea baba aliye peke yake. Naona mikono imeshainuka. Tuanze na ndugu aliyeketi karibu na dirisha.