Njaa ya Majira ya Baridi: Krili Chini ya Barafu ya Antaktika

Nimekwisha kulisema jambo hili katika kumbi nyingi, na nitalisema tena: krili wa Antaktika halali usingizi wa majira ya baridi. Wanaolala kweli ni kopepodi wa Aktiki, vijidudu vidogo vya baharini vya jamii ya kamba, ambao hushuka mamia ya mita wakiwa wamejaa mafuta. Krili, jamaa ya uduvi asiyezidi sentimita 6 hivi, hukabiliana na njaa akiwa macho.

Mwanga unapofifia na bahari kufunikwa na barafu, mwani wa majini huadimika mno. Krili mzima hupunguza matumizi ya oksijeni, hula vijidudu vya baharini anavyovipata, na huishi kwa mafuta aliyojiwekea kiangazi. Njaa ikizidi, hupungua yeye mwenyewe. Hujivua gamba maisha yake yote (msicheke, simsemi mwanasiasa yeyote), lakini akiwa na njaa gamba jipya huwa dogo kuliko lililotoka. Katika maabara, krili wazima wamewahi kuishi zaidi ya siku 200 bila chakula. Kwa kuwa jicho halinywei sawasawa na mwili, mtafiti anayemkuta krili mwenye macho makubwa kuliko umbo lake ana haki ya kushuku kwamba zamani alikuwa mkubwa zaidi.

Kuna atakayeuliza mbona hagandi katika maji ya nyuzi -1.8. Swali hilo wangeulizwa samaki, ambao damu yao ina chumvi kidogo kuliko bahari na hivyo huhitaji kinga ya pekee. Chumvi iliyomo mwilini mwa krili inakaribiana na ya bahari, kwa hiyo maji yasipoganda, naye hagandi.

Wanaonitia wasiwasi ni wachanga. Huufikia msimu wa baridi wakiwa na urefu wa milimita chache na akiba ndogo mno ya mafuta, kwa hiyo hawawezi kufunga kama wazazi wao. Mchana hukaa katika mapango ya barafu iliyopandana, wakigeuka chali na kukwangua kwa miguu mwani ulioota upande wa chini. Usiku hutawanyika majini. Basi anayeniambia kwamba barafu ikipungua krili watavumilia tu, anazungumzia wazima. Mwaka 2023 barafu ya bahari ya Antaktika ilipungua wakati wa baridi kuliko mwaka wowote tangu setilaiti zianze kuipima.

Nilikuwa na sehemu ya uvuvi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, tuanze maswali.