Pale Ushahidi Unapokoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nieleze imekuwaje mtu aliyeandika historia ya Kilwa miaka nenda rudi, misikiti, makaburi na nasaba, leo anatunga hadithi za mambo yasiyowahi kutokea. Wapo wanaosema nimeishiwa. Jibu langu ni sarafu tano.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliziokota ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, pamoja na nyingine nne za Kiholanzi. Ni vishaba vidogo vya Kilwa. Sarafu hizi za shaba hazina mwaka wala jina la mji. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande zote mbili zina kina kimoja: *Ali bin al-Hasan, yathiqu bi-Maula al-minan*. Soma kwa sauti, utaisikia mishororo miwili ya shairi.

Zilifikaje huko? Mwanahistoria atawataja Wareno walioipora Kilwa mwaka 1505, atawataja wavuvi wa majongoo bahari kutoka Makassar, huko Indonesia, kisha ataandika "huenda". Zikizidi hizo "huenda", mhariri anakurudishia kazi yako, na ana haki.

Mimi kilichoninyima usingizi ni kidogo zaidi. Dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji, ilipita hapa na ilipokelewa popote. Shaba hizi zilikuwa chenji ya sokoni; nyingi zimeonekana papa hapa Kilwa, na Mafia. Tajiri havuki bahari na chenji. Anayevuka nayo ni mtu anayetaraji kurudi nyumbani kuitumia. Hapo ndipo alipozaliwa baharia wangu.

Msidhani nimepata uhuru, maana bahari ina sheria zake. Hawezi kutweka tanga kwenda India wakati wa kaskazi, upepo unaoleta vyombo kwetu. Sharti angoje kusi, upepo wa kwendea. Chombo chake ni mtepe, mbao zimeshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kwa hiyo anafua maji kutwa kucha. Nilichobuni ni kimoja tu: mwaka ambao kaskazi haikuja. Vyombo vyote vilivyoko India vimekwama, na wenye kukata tamaa wanazidi kwenda mashariki.

Nilimsomea nahodha mmoja mzee. Kaskazi kutokuja hakukumshtua hata kidogo. Aliniuliza tu maji ya kunywa waliyapata wapi. Ikabidi niandike sura nzima kwa ajili yake.