Mizani ya Dola 50

Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua narudi Minneapolis, Marekani. Narudi, maana tunauliza: mwenye biashara haramu, akitozwa kodi, aondolewe gharama zake kwanza? Mwaka 1974 kuna kijana pale anauza dawa za kulevya nyumbani kwake. Mzigo anapewa mali kauli: vidonge vya amfetamini 1,100,000, bangi pauni 100, kokeini aunsi 13. Akishauza ndipo amlipe aliyemletea. Daftari hana, risiti hana. Nani wa kumwandikia? Anakamatwa, na watu wa kodi nao wanabisha hodi. Naye anakwenda Mahakama ya Kodi kudai gharama zake zitolewe kwenye mapato kabla ya kutozwa. Mwaka 1981 jaji akamsadiki kwa maneno yake tu: mizani ya dola 50, vifungashio, simu, safari za gari, na theluthi ya pango, maana nyumbani ndiko ofisini.

Naona mkono kule nyuma. Najua, mama: "Mhalifu anabembelezwa?" Habembelezwi. Jela ipo, na mahakama ya jinai ipo. Kodi ya mapato inauliza swali moja tu: umebakiwa na nini? Ukimkatalia mizani, unamtoza pesa ambayo hakuwahi kuitia mfukoni.

Bunge la Marekani likahamaki. 1982 likapitisha kifungu cha 280E: muuza dawa asiondolewe gharama yoyote ila bei ya mzigo. Makofi! Haya, 2014 jimbo la Colorado likafungua maduka ya bangi ya starehe, yenye leseni ya jimbo na wahasibu wake. Kwa sheria ya shirikisho, ile ya Marekani nzima, ni marufuku vilevile, kifungu kikawanasa. Toeni kalamu. Mauzo 1,000,000. Mzigo 600,000. Pango na mishahara 330,000. Zimebaki 70,000, sivyo? Lakini kodi inapigwa kwenye 400,000, asilimia 21, yaani 84,000. Hizo 14,000 akakope wapi? Na anayeumia ni huyu anayepeleka ritani, taarifa ya mapato yake, kwa watu wa kodi. Wa uchochoroni hapeleki kitu.

Rushwa na faini, sheria yetu ya kodi imezikataa kuwa gharama na sina ugomvi nayo. Faini ikipunguza kodi, serikali imekuchangia kuilipa.

Nilitaka niwapeleke Australia, kwa muuza heroini wa Perth aliyeporwa dola 220,000 katikati ya biashara, mahakama ikamhesabia hasara, bunge likageuza sheria 2005... lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya mama, swali lako.